Mjusi Kafiri wa Ukuta wa Jikoni

Bomba la maji limepasuka mbele ya duka langu hapa Lindi. Mafundi wamekuja, wamelitazama, wamelisikitikia, wameondoka. Wiki ya tatu pale lilipopasuka pakawa bwawa. Wiki ya nne mtoto wa jirani akaniletea chupa ya soda iliyojaa tope na vitu vyeusi vinavyotikisa mikia, akaniambia kwa fahari, "Shikamoo Mama Zuhura, nimekuvulia dagaa."

Dagaa! Nikafungua kizibo ili nimkosoe huku ushahidi uko wazi, na ile harufu ikanipiga usoni: tope la bondeni, majani yaliyooza, na ukali fulani kama msumari wenye kutu. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Wateja wawili wakasubiri sukari mpaka wakachoka. Mimi nilikuwa tena mtoto wa shule kijijini Kikole, nimevaa sketi ya bluu iliyofungwa kiunoni kwa kamba, nimepiga magoti kando ya jaruba la mpunga, na ubavuni kwangu Benadeta ananiambia nisipumue kwa nguvu kama ng'ombe.

Nyinyi wenzangu mliosoma miaka ile mnakumbuka. Zilikuwa enzi za ruksa. Redio za kaseti ruksa, mitumba ruksa, wanunuzi binafsi wa korosho kuingia vijijini na mizani zao ruksa. Kila kitu kilipata ruksa isipokuwa vitabu vya sayansi, ambavyo hadi leo nadhani vimekwama kivukoni Rufiji. Darasa letu zima lilikuwa na kitabu kimoja, na kitabu chenyewe kilianzia ukurasa wa kumi na saba.

Ndipo akaletwa Mwalimu Felista, binti wa bara, mwembamba, mwenye msalaba mdogo shingoni na viatu ambavyo matope ya Kikole yalivila kwa wiki moja. Akakishika kile kitabu kwa vidole viwili, akakirudisha kabatini. "Kuanzia Alhamisi," akasema, "kitabu chetu ni nje." Kila Alhamisi mchana tutakwenda bondeni na vichakani kusoma amfibia na reptilia, yaani jamii ya vyura na jamii ya mijusi, nyoka na kobe. Wawili wawili, daftari moja. Sheria tatu: usiue, usipige kelele, andika ulichokiona. Hiyo ya tatu aliirudia mpaka tukaiimba wakati wa kuruka kamba. Ulichokiona. Si ulichosikia kwa babu yako.

Nikapangwa na Benadeta. Hapa niwaambie ukweli: nisingepangwa na mwingine, maana hakuna aliyenitaka. Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, Bibi Somoe, na mtoto wa kulelewa na bibi anajulikana hata akiwa amelala. Nilisema maneno ya kizee, nilitembea na mikono nyuma, nilijua dawa ya kiungulia. Wenzangu waliniita Bikizee. Benadeta, ambaye baba yake, Mkristo wa upande wa Nyangamara, alikuja kupima korosho za mnunuzi mmoja, alikuta jina hilo limeshanikaa, akakataa tu kulitumia. Hakuwa mpole, msije mkadhani. Alikuwa mtoto msumbufu kuliko wote niliowahi kukutana nao, anayetaka kila kitu kithibitishwe. Ukimwambia jua linawaka, anatoka nje kwanza. Lakini alikuwa rafiki yangu, na nilikuwa na mmoja tu.

Yeye alichora, mimi niliandika. Alichora chura mpaka ukaogopa kufunga daftari usimbane. Na mimi niliandika kwa moyo wote. Tulimwona kenge mrefu kama kitanda cha Bibi akivuka jaruba bila haraka. Tulimwona kinyonga ambaye alitumia Alhamisi nzima kuvuka tawi moja, nasi tukakaa naye, mbu wakitula kama tumealikwa kwa ajili yao. Tuliwaweka viluwiluwi katika dumu lililokatwa, nyuma ya darasa, na kila asubuhi tuliwahesabu miguu. Wiki baada ya wiki mkia ukafupika, miguu ikatoka, na siku moja aliyekuwa kama dagaa akapanda juu ya jani, akakaa pale kama mwenyekiti wa kijiji. Sijawahi kushangaa vile tena, na nimezaa mara mbili.

Kisha tukafika kwa mijusi, na balaa ikaanzia kwenye jina.

Mwalimu Felista alimwonyesha kwa fimbo yule mjusi mweupemweupe wa ukutani, mwenye macho ya kutoka, akauliza, "Huyu anaitwa nani?"

Darasa zima, kwa sauti moja: "Mjusi kafiri, mwalimu!"

Fimbo ikaganda hewani. Mkono wake mwingine ukaenda shingoni, kwenye ule msalaba. "Nani kafiri?"

"Huyo, mwalimu!" Na kwa bahati mbaya vidole arobaini vilivyomwelekea mjusi vilimwelekea na yeye, maana alisimama chini yake. Tulipiga magoti sote, kipindi kizima, hadi mwalimu mkuu alipopita akauliza kulikoni. Akaeleza kwa uchovu kwamba pwani yote anaitwa hivyo, na yule mwingine, mnene, mwenye ngozi laini inayong'aa, anayeota jua kwenye magogo, ndiye mjusi islamu. Hayo ni majina tu, watoto hawakukusudia ubaya. Mwalimu Felista akatuinua. Akaandika majina yote mawili ubaoni kwa herufi kubwa kuliko kawaida yake.

Wengine waliyanakili wakayasahau. Mimi nikaenda nayo nyumbani, nikayafikiria. Nilikuwa nimetoka kuona kiluwiluwi akiwa chura. Na jirani yetu mmoja, fundi baiskeli, mwaka uleule alikuwa amesilimu ili aoe; watu wakasema amekuwa mtu mpya, jina jipya, kanzu mpya, hata kutembea akatembea tofauti. Basi nikaunganisha. Mjusi kafiri ana ngozi kavu iliyofifia. Mjusi islamu anang'aa kama ametoka kutawadha. Kafiri anajificha kwenye nyufa mpaka jioni. Islamu anatoka mchana, hana la kuficha. Na sijawahi kuwaona wote wawili wamekaa pamoja. Ilikuwa wazi kabisa. Sikuelewa kwa nini hao wazungu waliotunga sayansi hawakuliona hilo.

Nikaandika, ukurasa mzima, kwa mwandiko wa kulala: *Mjusi kafiri ni mtoto. Akikua husilimu, huwa mjusi islamu. Huku ni kugeuka umbo, kama kiluwiluwi na chura.* Nikaacha nafasi ya picha. Sikumwonyesha Benadeta, nilitaka iwe zawadi.

Alhamisi nikasimama kuisoma mbele ya darasa. Nilisoma vizuri sana, kwa mahadhi. Nilipomaliza tu, Saidi, mvulana wa dawati la nyuma ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, akapaza sauti: "We Benadeta! Mkia wako unakatika lini?"

Darasa likapasuka. Mimi bado nilikuwa sijaelewa. Wallahi sikuelewa. Nilimtazama Benadeta nikaona anakusanya penseli zake mojamoja, polepole, anazifunga kwa mpira.

"Kwa hiyo mimi kiluwiluwi," akasema.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikataka kumliwaza. "Usijali," nikamwambia, "hata chura huchukua wiki kadhaa."

Nikikumbuka jibu hilo hadi leo natamani kujizaba kofi. Benadeta akanyanyuka, akaenda kukaa dawati la mbele, peke yake, mgongo kwangu. Mwalimu Felista alipumua kama mtu aliyepanda kilima na kukuta kilima kingine.

"Mwanahawa. Haya umeyaona kwa macho yako?"

"Hapana, mwalimu. Nimeyafikiria."

"Sheria ya tatu?"

"Andika ulichokiona."

Nikaushika ukurasa niuchane. Akanizuia. "Ukurasa hauchanwi. Umeandika bila kuona, sasa nenda kaone, kisha usahihishe chini yake. Benadeta, utakaa na nani?"

Benadeta hakugeuka. "Nitakaa naye akithibitisha, mwalimu. Asipothibitisha mpaka Alhamisi, nitakaa na Salima."

Salima! Msichana aliyechora kobe kama chapati yenye miguu. Nilijua Benadeta akihamia kwake harudi, maana huyo mtoto akishafunga hesabu hafungui tena. Nami ningebaki Bikizee, moja kwa moja.

Nikafika nyumbani nimekusudia kumwona mjusi kafiri kutoka mwanzo wake. Tatizo lilikuwa Bibi Somoe. Bibi alikuwa mwanamke mwenye huruma kwa kuku, kwa mbuzi, kwa wagonjwa wa mbali asiowajua; lakini mjusi kafiri alikuwa na deni naye tangu moto wa Nabii Ibrahimu, ambao alifundishwa kuwa mjusi huyo aliupuliza uwake zaidi. Kumpiga kwa pigo la kwanza kuna thawabu nyingi, la pili pungufu. Bibi hakuwa mtu wa pigo la pili. Kwa ndala yake ya mguu wa kulia angeweza kumpata mjusi aliye mlango wa pili huku akichambua mchele.

Jioni ile ya kwanza nilimpata mjusi mnene juu ya dirisha. Nikafungua daftari. *Paa!* Nikamhamia wa nyuma ya pipa. *Paa!* Nikapoteza mashahidi watatu kabla ya magharibi.

"Bibi, jamani! Namsoma huyo!"

"Unamsoma?" Bibi alikuwa anavaa ndala yake. "Kasome Kurani."

"Ni kazi ya shule, Bibi."

"Shule gani hii? Mama yako alisoma shule hiyohiyo, akarudi anajua kushona vitambaa. Wewe unarudi unajua nyumba ya kenge. Nani atakuoa, mke mwenzangu? Kenge?"

Kubishana na Bibi Somoe ni kama kupiga deki ufukweni. Nikatoka nje nikalie nyuma ya jiko. Lilikuwa jiko la udongo, limesimama peke yake uani, na ufa mrefu umeshuka upande wa kivuli. Nilipokuwa nimekaa pale napangusa makamasi kwa kiganja, nikaona ndani ya ufa vitu viwili vyeupe, vya duara, vimegandana kama punje za peremende. Mayai! Moja lilikuwa limeanza kuwa na kivuli ndani.

Kesho yake nikamfuata Benadeta hadi kwao. Sikumwomba radhi, maana sikuwa najua bado kosa lenyewe limekaa wapi. Nilijua tu kwamba nimelifanya. Nikamwambia, "Nimepata mayai ya mjusi kafiri. Njoo uone anatoka nini."

Akafunga mikono kifuani. "Na akitoka kiluwiluwi?"

"Basi utakuwa umeshinda."

"Nitakuwa nimeshinda vipi, mjinga wewe? Akitoka kiluwiluwi utakuwa umeshinda wewe!"

Unaona mambo yalivyokuwa. Hata niliposhindwa nilishindwa vibaya. Lakini alikuja.

Alikuja siku hiyo, Ijumaa, kisha Jumatatu na Jumanne, baada ya shule. Alikaa upande mmoja wa ufa, mimi upande wa pili, daftari katikati yetu. Na hakusema na mimi. Alisema na daftari. "Andika: saa tisa, hakuna kitu." Nikaandika. "Andika: saa tisa na nusu, hakuna kitu. Sisimizi wawili." Nikimuuliza kama ana kiu, ananyamaza. Nikimletea maji, anakunywa, anakiweka kikombe chini bila kunitazama, kisha analiambia daftari, "Andika: maji yalikuwa na moshi." Siku tatu! Nimekaa na foleni za benki, nimekaa na wakwe, nimekaa na mtihani wa kidato cha nne ukubwani, masomo ya jioni, taa ikizimwa nusu ya karatasi. Sijawahi kukaa na kitu kizito kama mgongo wa mtoto yule.

Siku ya nne, Jumatano, Alhamisi imeshatukalia shingoni, Benadeta akasema, "Andika: saa kumi kasorobo." Nikasubiri na kalamu. Hakumalizia. Nikainua macho.

Yai lilikuwa na tundu. Tundu likawa ufa, ufa ukaachia, na pua ndogo kama kichwa cha kiberiti ikatokeza, ikapumzika. Tulikaribia mpaka vipaji vyetu vya uso vikagusana, na hakuna aliyesogea. Kikatoka kichwa. Yakatoka macho, makubwa kupita kichwa. Ukatoka mguu wa mbele, ukashika ukuta, na ule mguu ulikuwa na vidole. Mwili ukafuata wote kwa mkupuo mmoja, na mkia. Alikuwa hazidi ukucha wangu wa kidole gumba kwa kitu, na hakupungua kitu. Akasimama kwenye udongo wa jiko, amelowa, anahema, mjusi kafiri kamili, wa dakika moja.

"Mamaa," akanong'ona Benadeta.

Nyuma yetu nikasikia sauti ninayoijua kuliko jina langu: hatua za ndala moja, mguu wa pili uko peku.

Sikuwahi. Benadeta aliwahi. Hakupiga kelele, hakumsukuma mtu. Aliufunika ule ukuta kwa kiganja chake, vidole vimepindwa kama kawa la kufunikia chakula, na ndala ya Bibi Somoe, pigo la kwanza, la thawabu zote, ikatua juu ya mkono wa mtoto wa watu. *Paa!*

Ndege waliondoka mwembeni. Bibi alisimama na ndala mkononi, uso umemgeuka majivu.

"Shikamoo, Bibi," akasema Benadeta. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mkono haukutoka ukutani.

"Marah... marahaba mwanangu. Ya Rabi. Nimempiga mtoto wa watu. Toa mkono mama, toa nikuone."

"Sitoi, Bibi. Yuko chini yake."

"Nani?"

"Mtoto."

Bibi akashtuka. "Mtoto wa nani?"

"Wa mjusi. Amezaliwa sasa hivi, Bibi. Bado hajamfanyia mtu kitu."

Nilimjua Bibi Somoe maisha yangu yote na nilijua majibu yake yote. Alikuwa na jibu la shehe, jibu la mganga, jibu la mtoza ushuru. Siku hiyo akaitupa ndala chini, akaingiza mguu ndani yake, akakosea, akaingiza tena.

"Nisamehe, mama," akamwambia Benadeta. Kwa Benadeta! Mimi nilikuwa nimekula bakora za makosa ya wengine mara kumi na neno hilo sikuwahi kulisikia. Akaenda ndani akarudi na mafuta ya nazi, akachuchumaa kwa tabu, akampaka juu ya kile kiganja bila kukiondoa ukutani, taratibu, akipuliza. Kisha akanigeukia mimi, maana lazima mtu agombezwe: "Na wewe umekaa! Mwenzako anavunjwa mkono wewe umekaa na kalamu! Shule gani hii?" Akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza akaufunga mlango wa uani nyuma yake.

Benadeta akanyanyua mkono, kidole kimoja kimoja. Mjusi alikuwepo. Akatutazama kwa jicho moja, akatutazama kwa jicho la pili, akapanda ukuta, akaingia chini ya makuti.

Tukakaa. Mkono wake ulikuwa umeanza kuvimba na unang'aa mafuta. Nilitaka kusema maneno mengi, nami ni mtu wa maneno mengi, lakini yote yaliyokuja yalikuwa ya aina ya "hata chura huchukua wiki kadhaa," nikayameza.

"Andika," akaliambia daftari. "Chini ya ule ukurasa. Mjusi kafiri huzaliwa mjusi kafiri."

Nikaandika.

"Vidole vyote. Macho yote. Hapungukiwi na kitu."

Nikaandika.

"Hageuki."

Nikaandika, kisha nikauliza, kwa sauti ndogo, "Na mwisho wake?"

"Mwisho wake hatujauona. Usiandike."

Akalivuta daftari, akalisoma, akalirudisha. "Andika tena." Nikamuuliza kosa liko wapi, nukta zote zipo. Akasema huu ni mwandiko wa mtu ambaye hajakubali. Nikaandika mara ya pili, kwa hasira, nikikandamiza kalamu mpaka karatasi ikataka kutoboka. Akasema huu ndio kabisa. Mara ya tatu nikaandika taratibu, nikilisoma kila neno kabla ya kuliweka chini, na nilipofika kwenye *hapungukiwi na kitu* mkono wangu ukasimama wenyewe, nikautazama mkono wake uliovimba, nikalijua kosa langu lilikokaa. Nikamaliza sentensi.

Aliisoma kwa muda mrefu. Halafu akajipangusa uso kwa bega, akachukua penseli kwa mkono wa kushoto, mkono ambao si wa kuchorea, akanitazama mimi, si daftari.

"Haya sogea," akasema. "Unaniziba mwanga."